Mtu Huajiriwa kwa Nguvu na Amana, Si kwa Weusi wa Nywele



Katika darasa yetu ndugu mmoja alileta suala ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa maneno mawili, kisha watu wakainuka wakaenda zao. Alisema hivi: Kuna mtu amefanya kazi ya uweta kwa miaka 22 katika hoteli moja ya ufuoni. Kila mwaka masika yakija na wageni wakapungua, hoteli hufungwa, na wafanyakazi huambiwa, "Nendeni majumbani, tutawaita." Na kila mwaka akiitwa. Safari hii wenziwe wameitwa, yeye hakuitwa. Alipokwenda kuuliza alijibiwa langoni, hata ndani hakuingizwa, kuwa orodha imejaa. Baada ya siku kadhaa akapata khabari kwa njia ya pembeni kwamba msimamizi mpya anataka sura changa mbele ya wageni. Mtu huyo ana miaka 48, afya yake ni nzima, wala hajapata kuandikiwa barua ya onyo. Muulizaji akamalizia: Je, huyu amedhulumiwa? Na kama amedhulumiwa, aliyemdhulumu ni nani, ilhali hakuna aliyemfukuza?

Maneno hayo ya mwisho ndiyo fundo la jambo lote. Kufukuzwa ni jambo la dhahiri, hutoka mdomoni mwa mtu au huandikwa karatasini, na aliyefukuzwa huweza kusema, "Fulani kanifukuza siku fulani." Lakini desturi iliyoingia hapa kwetu, tangu Malindi na Watamu hata Kilifi, ni kumwacha mtu bila ya kumfukuza. Mkataba huandikwa wa miezi sita au minane kwa kufuata msimu, na ukiisha, umeisha. Hoteli za kwanza za ufuoni Malindi zilijengwa katika miaka ya 1930, na kazi hii ina msimu wake kama uvuvi ulivyo na wake: upepo wa kaskazi ukivuma wageni huja, kusi likikaza wengi huondoka. Hilo si kosa la mtu. Kosa ni kuufanya msimu kuwa chekeche, kila mwaka watu wakatikiswa ndani yake, na wenye mvi wakabaki juu kama makapi, kisha ikasemwa kuwa ni upepo uliowachukua.

Mambo haya huonekana zaidi baada ya misiba mikubwa. Mwaka 2014 serikali za nje zilipowaonya raia wao wasije Pwani kwa khofu ya mashambulio, hoteli nyingi zilipunguza watu, na nyingine zilifunga milango. Mwaka 2020 yalipokuja maradhi ya korona, na ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa tangu mwezi wa Machi mpaka mwanzo wa Agosti, milango ilifungwa tena. Kufunga kwenyewe kulikuwa na udhuru, na hatumlaumu mwenye mali asiyekuwa na mgeni hata mmoja. Suala ni la wakati wa kufungua. Nani aliitwa kwanza, nani aliachwa, na kwa kipimo gani? Ukiuliza huonyeshwi kipimo chochote, kwani hakikuandikwa mahala.

Wala hoteli haziko peke yake. Kule Gongoni na Marereni, katika mashamba ya chumvi, watu husimama katika maji ya chumvi na jua juu ya vichwa vyao. Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilisikiliza malalamiko ya watu wa Magarini juu ya kazi hiyo ya chumvi, na ripoti yake ikatoka mwaka 2006. Kazi ya namna hiyo humzeesha mtu kabla ya umri wake. Kisha yule yule aliyezeeshwa nayo huambiwa kuwa hana nguvu, na kwa kuwa ni kibarua wa siku, kumwacha ni kutomwita jina lake asubuhi moja. Hapana barua, hapana kwaheri.

Sasa turudi kwenye asili. Mtu huajiriwa kwa sababu gani? Katika kisa cha Nabii Musa alipofika Madyan, binti wa yule mzee alipomshauri babake amwajiri mgeni yule, alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Umri hakuutaja, wala ukoo, wala sura. Wanazuoni wakaufanya huo kuwa msingi wa kumchagua mtu wa kazi. Na nguvu iliyokusudiwa, kama walivyoeleza, si ya kunyanyua mawe peke yake; ni uwezo wa ile kazi aliyoitiwa. Nguvu ya kadhi ni elimu na uadilifu wake. Nguvu ya mpishi ni mkono wake na ulimi wake. Nguvu ya weta ni kujua mgeni ataka nini kabla hajanena, na kubeba sinia bila ya kumwaga.

Watu wa bahari waliyafahamu haya bila ya kusomeshwa. Kijana huvuta kamba na kutupa nyavu. Akipungukiwa na nguvu za mikono hukamata usukani, kwani ndiye ajuaye mwamba uko wapi na mkondo wageuka saa ngapi. Na macho yakimwishia hukaa ufuoni akashona nyavu na kuwafundisha wengine. Mtu hakutupwa, alihamishwa kutoka kazi hii hadi ile. Nani katika mabwana wa hoteli zetu aliyemwambia weta wake mkongwe, "Miguu yako imechoka, basi njoo uwafundishe hawa wapya"? Wako Malindi watu wazima wasiopata kuingia skuli ya Kitaliano hata siku moja, nao wanakizungumza kwa masikio yao tu, kwa kuhudumia meza miaka na miaka. Elimu hiyo inatupwa jaani, kisha matangazo yanatolewa ya kutafuta mtu ajuaye lugha za kigeni!

Wenye kuajiri wana hoja zao, na ni insafu kuzisikiliza. Husema kijana ni mwepesi, na hajui kuchoka, na anajua tarakilishi. Huenda ikawa kweli kwa kijana huyu na mzee yule; lakini jambo hilo hupimwa mtu kwa mtu, kwa kumtazama kazini, si kwa kutazama mwaka wa kuzaliwa katika kitambulisho. Nasi twadhani sababu ya kweli mara nyingi si wepesi wala sura, ni hesabu. Mtu wa miaka 22 kazini mshahara wake umepanda ngazi. Aliyeingia jana huanza chini. Kumwacha mmoja na kumchukua mwengine ni kupunguza gharama, na neno "sura changa" ni kanzu iliyovishwa hesabu hiyo ipate kupendeza.

Hapa hapana budi tutenge mambo mawili yasichanganywe. Umri wa kustaafu uliotajwa mapema, ukawa mmoja kwa wote, mtu akaujua tangu siku ya kwanza akajipanga, huo si dhuluma. Katika kisa kile kile cha Nabii Musa muda ulitajwa kabla ya kazi kuanza: miaka minane, na kama apenda kutimiza kumi ni hiari yake. Serikali ya Kenya iliwawekea watumishi wake miaka 55, na mwaka 2009 ikapandisha hadi 60. Majaji katiba imewawekea 70. Mtu aweza kusema ni michache au ni mingi, lakini hawezi kusema hakuambiwa. Kwa wafanyakazi wa watu binafsi hapana sheria iliyoweka umri mmoja. Yote ni kwa mkataba. Basi mkataba ukinyamaza juu ya umri, kisha mtu akaachwa kwa umri, amewekewa sharti ambalo hakulikubali. Na fikihi yetu ya ijara inataka kazi, ujira na muda vijulikane, watu wasije wakagombana juu ya kitu kisichoonekana.

Kwa hiyo jibu la suala la kwanza: ikiwa aliachwa kwa umri wake, na kazi aiweza, na umri haukuwa katika masharti, amedhulumiwa. Jibu la pili: aliyemdhulumu ni yule aliyeandika orodha na yule aliyemwamuru kuiandika, hata kama hakutamka neno.

Imepokewa, na Abu Yusuf ameitaja katika kitabu chake cha Kharaj, kwamba Sayyidna Umar alimkuta mzee asiyekuwa Mwislamu akiomba milangoni. Akamuuliza kilichomfikisha hapo, akajibiwa kuwa ni kodi na haja na uzee. Akamchukua nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamtuma kwa mweka hazina aangaliwe yeye na walio kama yeye, akasema kwa maana kwamba haikuwa insafu kuula ujana wake kisha kumtupa uzeeni. Tazama kuwa hakusema, "Maskini, mpeni sadaka." Alisema habari ya insafu, yaani alilihesabu kuwa ni deni.

Na ubaguzi wa umri hauendi upande mmoja tu. Mtume (S.A.W.) alimpa Usama bin Zayd uongozi wa jeshi naye bado hajafika miaka 20 au ndiyo kwanza aifikie, na ndani ya jeshi hilo wamo watu wazima wakubwa wa Muhajirina na Ansari. Watu wakanung'unika juu ya udogo wake, Mtume hakuyakubali manung'uniko yao. Leo kijana wetu aliyemaliza masomo huambiwa alete uzoefu wa miaka mitano, kana kwamba uzoefu wauzwa sokoni. Akipata kazi dukani hulipwa nusu ya mwenziwe kwa kuwa "bado mtoto", ilhali gunia analolibeba ni lile lile. Sheria ya kazi yasema ujira uwe sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Basi asidanganyike kijana aliyeitwa na hoteli badala ya mzee akadhani ameinuliwa. Karatasi aliyotia saini ni ile ile ya miezi sita, na chekeche hilo litamngoja naye.

Tuseme sasa juu ya sheria za nchi, kwani wengi hawazijui, na asiyejua haki yake huiomba kama fadhila. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27, imekataza ubaguzi, na katika orodha ya mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo imeutaja umri waziwazi. Katazo hilo halikuwekewa serikali peke yake, limewekewa na watu pia, akiwemo mwenye hoteli. Kifungu cha 57 kikawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kushiriki mambo ya jamii kwa ukamilifu. Lakini mzee katika katiba ni aliyetimiza miaka 60, na kijana ni wa miaka 18 mpaka chini ya 35. Weta wetu wa miaka 48 si huyu wala si yule. Yuko katikati, mahala pasipokuwa na jina.

Ama sheria ya kazi ya mwaka 2007, ilipopitishwa, kifungu chake cha 5 kilihesabu rangi, jinsia, dini, ulemavu, mimba na mengineyo, na umri hakikuutaja. Jirani zetu wa Tanzania waliutaja katika sheria yao ya mwaka 2004, na Wamarekani walikuwa na sheria mbali ya jambo hili tangu 1967, ya kuwalinda wenye miaka 40 na zaidi. Sisi tumeuacha pengo hapo, na wabunge wetu wa Pwani ni wakuulizwa. Hata hivyo mtu asikate tamaa. Katiba iko juu ya sheria zote, na vifungu vingine vya sheria ile ile ya kazi vyatosha kumshika mkono mwenye haki. Mwajiri akimwachisha mtu, ni juu yake kuthibitisha sababu, na sababu iwe ya kweli na ya haki. Wala haijuzu kumwachisha kwa makosa au kwa kutoweza kazi bila ya kumsikiliza kwanza. Akipunguza watu kwa kuwa kazi imepungua, yampasa atoe taarifa ya mwezi mzima, na achague kwa kutazama muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mmoja. Angalia, ndugu msomaji: uwezo na kutegemewa. Je, si nguvu na amana zilizovaa nguo ya Bunge? Na muda wa utumishi unamsaidia mkongwe, haumdhuru. Tena kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, sheria humtoa katika ukibarua wa siku, akawa na haki ya kupewa notisi.

Penye mwamba ni mkataba wa msimu. Mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba mkataba wa muda ukifika mwisho wake, mwajiri hadaiwi sababu, illa mfanyakazi athibitishe kuwa mwajiri kwa maneno yake au vitendo vyake alimpa matumaini ya haki kwamba ataitwa tena. Kule kuitwa kila mwaka peke yake huenda kusitoshe. Lakini barua isemayo "utarudi tarehe fulani", au sare ya kazi aliyoachiwa, au ujumbe wa simu kutoka ofisini, hivyo ni vitu vya kuwekwa mbele ya jaji. Ndiyo maana tunasema kila siku, karatasi isitupwe.

Na asiyeona uzito wa jambo hili na apige hesabu. Aliyeachwa na miaka 48 ana miaka 12 mpaka afikie 60, umri wa kulipwa na Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ikiwa mwajiri wake alikuwa akipeleka michango kweli. Msaada wa serikali kwa wazee, ule wa Inua Jamii uliofunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2018, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliosajiliwa. Mpaka aufikie ana miaka 22 mbele yake, sawa na ile aliyoitumikia hoteli. Na watoto wake wako skuli sasa.

Kuna jambo linalosikitisha nasi tulitaje ijapokuwa kwa ufupi. Watu wazima wa Kilifi wamezoea kupaka nywele rangi nyeusi kwa sababu mbili. Wengine, khasa vijijini, huogopa roho zao, kwani mvi zimekuwa ushahidi wa uchawi machoni pa wajinga, na wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Kule Ganze, Kaya Godoma, pamekuwa makimbilio yao. Wengine hupaka kwa sababu ya mkate, ili msimamizi asione. Hukumu ya rangi nyeusi na hina wanazuoni wameieleza, na mwenye kutaka aje darasani tumsomee. Lakini kabla ya kumlaumu mpakaji, na aulizwe aliyemlazimisha kuuficha uzee wake kama mtu anayeficha wizi.

Tena tusiseme ya hoteli tukayasahau ya misikitini. Ni walimu wangapi wa vyuo vya Qur'ani waliosomesha babu na wajukuu, sauti zikawakauka, kamati ikaleta mwalimu mpya, na yule wa kwanza akapewa shukrani na sahani ya biriani? Hana mchango aliolipiwa, hana barua, hana chochote. Na kwa upande mwengine, ni kamati ngapi zisizomkubali mtu wa chini ya miaka 40 hata awe amehitimu uhasibu, na vitabu vya hesabu vya msikiti havijulikani mwanzo wala mwisho? Tukimwendea mwenye hoteli tukamwambia, "Umebagua," naye akatuuliza ya kwetu, tutamjibu nini?

Ama la kufanya kwa aliyefikwa na jambo hili, asikae kibarazani akilalamika mpaka wakati ukampita. Kupeleka shauri kwa ofisa wa kazi wa serikali kuna muda wa miezi mitatu tangu kuachishwa, na kufungua kesi mahakamani ni miaka mitatu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapa hapa Malindi, hana haja ya kwenda Mombasa. Ikiwa ni mwanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, na aende chamani kwanza, kwani makubaliano baina ya chama na wenye mahoteli huenda yana masharti ya kuwaita watu wa msimu kwa zamu zao, na hilo ni bora kuliko hoja kumi. Mahakama ikiona ameachishwa bila ya haki, yaweza kuamuru alipwe hadi mishahara ya miezi 12. Na akidai kuvunjwa kwa haki yake ya katiba, kulifungua shauri hilo hakutozwi ada.

Kabla ya yote na aandike barua kwa mwajiri, kwa adabu, bila ya matusi wala kiapo: tarehe aliyoanza kazi, misimu aliyoitwa, tarehe aliyoambiwa arudi, na swali moja tu, kwamba anaomba kujua kwa maandishi kipimo kilichotumika kuwachagua walioitwa. Akijibiwa, jibu lina faida yake. Asipojibiwa, kimya nacho kitasomwa. Vijana wawili wa darasa yetu wanaoandika vizuri wamejitolea kuwaandikia watu barua hizo baada ya sala ya Isha, Jumatatu na Alkhamisi, bila ya malipo. Mwenye haja aje na kitambulisho, mikataba yake yote, hati za mshahara na kadi ya Hazina ya Hifadhi ya Jamii, hata kama zimeliwa na mende.